Kaya ya Watu Wawili

Mama yangu hajui kusema uongo, na kwetu hiyo imekuwa shida kubwa kuliko umaskini wenyewe.

Siku ya uhakiki tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji tangu saa mbili asubuhi, wazee kumi na saba na kadi zao za mpango wa kaya maskini, matope ya Machi yamewafika magotini. Njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa nimemfundisha. Afisa akikuuliza unaishi na nani, sema peke yangu. Usiongeze neno. Mama aliitikia "ee" kila niliposema, na mimi, mjinga, nikadhani ee yake ni ya kukubali.

Afisa aliyetoka Mbinga alikuwa binti anaitwa Jacqueline. Alikuwa na kishikwambi mapajani na viatu vyeupe ambavyo mtu yeyote wa kijiji chetu, Namswea, angemshauri asivivae mwezi huo. Alikuwa na adabu, sitamsema vibaya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni Walburga Ndunguru, umri miaka sabini na moja. Unaishi na nani kwenye kaya yako?"

Mama alinitazama, kisha akamtazama yule binti.

"Naishi na Tarsisi," akasema.

Nikamkanyaga mguu.

"Edina, unanikanyaga," akasema, kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia.

Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. Jacqueline hakucheka. Aliweka kishikwambi chini, akaniita pembeni, nyuma ya ofisi, penye pipa la maji ya mvua.

"Dada, huyo Tarsisi ni nani?"

"Mdogo wangu. Hayupo. Yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma, mwaka wa tatu sasa. Mahakama ndiyo iliyompeleka."

"Amefungwa?"

"Hajafungwa. Alishtakiwa, wakamkuta hana akili ya kuifuata kesi, wakaamuru akae hospitali chini ya ulinzi mpaka apone."

Akashusha pumzi. Nilielewa kwamba hajawahi kukutana na mtu wa namna hiyo kwenye fomu zake. Akanieleza, pole pole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Mfungwa hahesabiwi kwenye kaya, kwa sababu serikali inamlisha. Lakini mfungwa ni aliyehukumiwa, na Tarsisi hajahukumiwa. Mgonjwa au mlemavu anahesabiwa, na tena anaipa kaya nafasi zaidi, lakini sharti awe na fomu ya daktari ya ulemavu, na hiyo hujazwa mtu akiwa ameletwa mbele ya daktari wa wilaya.

"Sasa yeye ni nani?" nikamuuliza.

"Umri wake?"

"Thelathini na nne."

"Basi hapa kwenye mashine ni kijana mwenye nguvu za kufanya kazi," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba hata yeye anaona haya. "Bibi akimtaja, kaya yake inakuwa na nguvu kazi. Inatoka kwenye mpango."

Mtu amefungiwa wodini mkoa mwingine, anameza vidonge vinavyomfanya alale mchana, na mashine inasema ana nguvu za kulima. Nilitaka kutukana. Nikakumbuka viatu vyake vyeupe na nikanyamaza, maana si yeye aliyeitunga sheria hiyo.

"Mimi sijasikia alichosema bibi," Jacqueline akaendelea. "Nimeacha kama ilivyokuwa: mzee anayeishi peke yake. Lakini Alhamisi ijayo majina yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wote. Yakishapita hapo hayabadiliki mpaka uhakiki mwingine, na huo ni baada ya miaka miwili. Mkubaliane nyumbani."

Kilichomfanya mama amtaje Tarsisi siku ile kilikuwa barua. Ilifika Ijumaa iliyotangulia, na mtendaji wetu wa kijiji, Nicholaus, alitusomea mara mbili. Ilitoka kwa mtu wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ilisema Tarsisi amepata nafuu kubwa, anajijua, anafua nguo zake na za wenzake, na daktari yuko tayari kuiandikia mahakama. Lakini kabla ya hapo wanataka kujua kama ipo kaya ya kumpokea na kumsimamia dawa, na serikali ya kijiji ithibitishe kwa muhuri. Walitaka jibu ndani ya mwezi. Muhuri waliutaka kwa kuwa kumbukumbu za mahakama zilionyesha kuwa hakuna ndugu aliyejitokeza. Kama kaya haipo, ataendelea kukaa huko.

Nicholaus alikunja barua akatutazama. Ni mtu mwangalifu, anayepiga muhuri kama vile wino anaununua yeye.

"Mama, mimi nakujua na kijana namjua," alisema. "Lakini hapa ofisini nina orodha inayosema unaishi peke yako. Serikali ni moja. Siwezi kuandika mtu mmoja kwenye orodha na watu wawili kwenye barua. Orodha na barua zisomeke sawa. Na kwa kuwa mahakama imeandika hakuna ndugu aliyejitokeza, nileteeni mtu wa nje ya ukoo aliyeijua kesi, aseme mbele ya mkutano kwamba huyu ana kwao. Ndugu kwa ndugu hamshuhudiani."

Nilimwomba mume wangu, Cleopa, tumwandike Tarsisi kwenye kaya yetu. Cleopa anauza petroli ya chupa kwa vijana wa bodaboda, na anaihifadhi chumba cha nyuma. Akasema mtu aliyewahi kuchoma nyumba ya watu hatalala karibu na petroli yake na watoto wake.

Kwa hiyo ikabaki kaya ya mama, na pesa za mpango. Si nyingi, lakini ndizo zinazomlipia vibarua wa ngolo. Kwetu milimani hatulimi tambarare, tunalima mteremkoni: wanaume wanafyeka majani kwa nyengo, panga letu lililopinda, na kuyalaza kwa miraba, kisha wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika, shamba linabaki mashimo mashimo, ndiyo ngolo hiyo, na mvua haiondoki na udongo. Ni kazi ya kuvunja mgongo hata ukiwa na miaka thelathini. Bila pesa zile, mama atachimba mwenyewe au asile maharage. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba Tarsisi hospitali anakula, analala, anatibiwa, na yeye ndiye atakayekufa na jembe mkononi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Haya."

Na hapo ndipo inabidi niseme jambo langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Tarsisi aliugua akiwa Ngumbo, kwenye ziwa Nyasa, alikokuwa akivua usipa, dagaa wa huko, kwenye mtumbwi wa tajiri wake, Wendelin. Kwanza aliacha kulala. Kisha akaanza kusema nyavu zinamsengenya. Siku moja mchana akachoma kibanda cha Wendelin chenye nyavu, taa, injini na magunia ya usipa uliokwisha kukauka. Mtu hakuungua, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Polisi wakamchukua, akawekwa mahabusu Mbinga.

Sisi Wamatengo tuna sengu. Watu wa ukoo hukutana kwa mkubwa wao, kila mwanamke analeta chakula alichopika, mnakula pamoja, kisha yanasemwa. Aliyekosa anaambiwa, aliyekosewa anasikilizwa, na mkishakula na kusema, jambo limekwisha. Anayelifufua kesho yake anaonekana mtu asiyelelewa. Wendelin ni Mnyasa, sengu si yake, lakini tulimwita akapanda milima na mjomba wake na kikapu cha usipa. Tulimpa dume la ng'ombe pekee tulilokuwa nalo na kahawa yote ya mama ya msimu ule. Alikula ugali wetu na maharage, sisi tukala usipa wake. Alilia kidogo, mama akalia sana, baba mkubwa akafunga kwa sala. Tulirudi nyumbani wepesi.

Wiki mbili baadaye mgambo akanikuta kwa mama, mwenyewe hayupo, akanipa karatasi ya mahakama. Tarehe ya kesi ya Tarsisi, ndugu wafike. Nilitia sahihi mimi, kwa mkono huu. Nikaisoma nikashangaa: kesi gani tena, wakati tumeshakula? Nilidhani ni makaratasi tu yaliyochelewa njiani, na kwamba Wendelin atawaambia wamwachie. Tena kahawa ya Cleopa ilikuwa chanjani na wingu lilikuwa linajenga. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye kopo la sukari juu ya kabati la mama, na sikumwambia mtu.

Serikali haili sengu. Leo nalijua. Siku ile hakimu alimwona mdogo wangu anaongea na ukuta, akauliza kama yupo ndugu wa kueleza ugonjwa ulianza lini. Hakuna aliyejitokeza, ikaandikwa. Akapelekwa kupimwa, ripoti ikarudi, akaamriwa akae hospitali. Sisi tulikuja kujua baada ya miezi mitano. Mama alilia akisema hakuambiwa, na mimi nikalia naye. Nililia kweli. Lakini sikusema. Na mpango wa kaya ulipokuja, nikamwandikisha mama kama mtu anayeishi peke yake, na moyoni nikajiambia ni kwa faida yake.

Jumatatu nikashuka ziwani kumtafuta Wendelin. Gari la Mbinga lilikwama mara mbili kwenye tope, na bodaboda iliyonifikisha Ngumbo ilinidai zaidi kwa sababu ya mvua, tukagombana mpaka kijana akachoka. Saa tisa alasiri nikamkuta Wendelin nyuma ya nyumba yake, anageuza usipa kwenye chanja. Kibanda kipya alikijenga cha matofali.

"Shikamoo, Baba Henry."

"Marahaba, Mama Emiliana." Akaacha kugeuza. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa. Mtu wa mlimani hashuki ziwani mwezi wa tatu bila msiba."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza barua, orodha, mkutano wa Alhamisi. Nikamwomba aje aseme neno moja tu, kwamba Tarsisi ana ndugu na kwamba walipatana. Aliendelea kugeuza usipa huku ananisikiliza.

"Mimi nilikwenda mahakamani," akasema.

"Ulikwenda?"

"Niliitwa, nikaenda. Nilidhani tutakuwa wote. Hakimu akaniuliza kama namjua mshtakiwa. Nikasema namjua, ni kijana wangu wa mtumbwini, ni mgonjwa, na nimeshapatana na kwao. Akaniuliza, kwao wako wapi? Nikageuka kuangalia. Tarsisi naye akageuka. Tuliangalia mlango sisi wawili, Mama Emiliana, mpaka karani akakohoa."

Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Hatukuipata tarehe."

Wendelin akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Karani alisoma pale pale," akasema. "Taarifa imepokelewa Namswea na Edina Ndunguru, dada wa mshtakiwa. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyosimama na wewe."

Miaka mitatu alikuwa analijua. Miaka mitatu mimi nilikuwa nikimsema Wendelin huko kwetu, kwamba alikula ng'ombe wetu na kahawa yetu kisha akatugeuka akampeleka mtoto wetu mahakamani. Nilimsema kanisani, nilimsema mashineni tukimenya kahawa. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha huku nikipiga kelele.

"Nilidhani yamekwisha," nikasema. "Tulishakula."

"Hata mimi nilidhani. Ndiyo maana nilikwenda kuwaambia."

Mkewe akaleta maji ya kunawa na ugali wa muhogo, tukala watatu, na nilikula kwa shida. Baada ya kunawa akasema:

"Sikufichi, namwogopa bado. Nikisikia kiberiti kinawashwa nyuma yangu, nageuka. Akirudi, akae huko kwenu alime, asije huku mpaka mimi niseme. Lakini nikae kimya iandikwe hana kwao, wakati nimekula kwao? Hapana. Nitakuja Alhamisi. Ila nikiulizwa nitasema nilichosikia kwa karani. Siwezi kusimama mbele za watu nikala maneno. Kwa hiyo heri utangulie wewe."

Sikumuahidi. Nilisema asante, nikaondoka asubuhi yake na usipa wa kilo mbili aliomtumia mama.

Alhamisi mkutano ulijaa. Uwanja wa shule ya msingi, watu wamekaa kwenye majani na wengine kwenye madawati yaliyotolewa madarasani. Jacqueline alikuwa mezani na kishikwambi chake, safari hii amevaa buti. Nicholaus alishika karatasi za majina. Utaratibu ni rahisi: jina linasomwa, hali ya kaya inasomwa, mtendaji anauliza kama kuna pingamizi, watu wakinyamaza linapita. Watu wengi hunyamaza hata wakijua jirani ana ng'ombe wanne, maana kesho ni zamu yao.

Wendelin alifika kwa bodaboda majina yakiwa yameanza kusomwa. Akakaa nyuma kabisa, peke yake. Watu waligeuka kumtazama, na wengi wao walimjua kwa mdomo wangu.

Mama alikaa mbele yangu, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Tangu niliporudi kutoka Ngumbo hatukuwa tumeongea kuhusu orodha. Nilimpa usipa, akauliza Baba Henry hajambo, nikasema hajambo, basi.

"Walburga Ndunguru," Nicholaus akasoma. "Mzee anayeishi peke yake. Kuna pingamizi?"

Nilimwona mama anashika goti lake kujiinua. Magoti yake si ya kunyanyuka haraka, na hiyo ndiyo nafasi niliyopata. Kama angekuwa na magoti ya msichana, sijui kama ningesimama.

"Lipo," nikasema.

Nicholaus akashangaa. "Edina? Unampinga mama yako?"

"Najipinga mimi. Mimi ndiye niliyemwandikisha hivyo, na si kweli. Mama ana kaya ya watu wawili. Wa pili ni Tarsisi, mwanae, yuko hospitali Dodoma kwa amri ya mahakama."

"Mahakama iliandika hakuna ndugu aliyejitokeza."

"Iliandika kweli, hatukwenda. Karatasi ya kutuita ililetwa, nikaipokea mimi, nikatia sahihi, nikaificha. Mama hakuambiwa. Nilidhani sengu imemaliza kila kitu, na kahawa ilikuwa juani. Na hao mliosikia nikimsema Baba Henry kwamba alitugeuka, nilikuwa nasema uongo. Yeye alikwenda. Mimi ndiye ambaye sikwenda."

Nilitazamia kelele, hakukuwa na kelele. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinisaidia kumsema Wendelin aliinamisha kichwa akaanza kufunga upya mtoto mgongoni. Mama hakugeuka. Niliona shingo yake tu na upinde wa kitambaa chake, na niliogopa ile shingo kuliko uwanja mzima.

Wendelin akasimama nyuma. Hakungoja kuitwa.

"Mimi ni mtu wa Ngumbo," akasema. "Kijana huyo alinichomea mali. Nilikuja hapa kwenu, nikala nyumbani kwao, nikalipwa. Ana mama, ana dada, ana baba mkubwa. Chakula chao nakikumbuka. Nikiulizwa popote nitasema ana kwao." Akafikiri kidogo. "Mengine dada yake ameshasema."

Akakaa. Mtu mmoja akapiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

Nicholaus akaandika, akatafuta karatasi ya barua, akaandika tena. Jacqueline alikuwa ameinamia kishikwambi. Alipoinua uso alimtazama mama, si mimi.

"Bibi, naomba unisikilize vizuri. Nikiandika watu wawili, huyo kijana anasomeka mwenye nguvu kazi. Fomu ya ulemavu hana. Kaya yako inatoka leo. Akisharudi mpelekeni kwa daktari wa wilaya ajaziwe fomu, mtaomba upya, lakini siwezi kukuahidi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Niandike?"

"Andika wawili."

Akaandika. Ilikuwa ni kugusa kioo mara tatu tu. Kisha Nicholaus akafungua kisanduku chake cha wino, akapiga muhuri kwenye barua ya hospitali, akaupuliza ukauke, akasoma jina linalofuata.

Wendelin hakukaa kula. Alisema gari la kushuka halimngoji mtu, akamuaga mama kwa mikono miwili, akaondoka. Mimi na mama tukashika njia ya nyumbani. Yeye mbele, mimi nyuma, kama mtoto anayekwenda kuchapwa, na mimi nina wajukuu wawili. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Tulivuka kijito, tukapanda, tukafika kwenye shamba lake, mteremko ambao Cleopa na wenzake walikuwa wamekwisha kufyeka na kulaza majani, miraba imenyooka mpaka chini bondeni, haijachimbwa hata mmoja.

Mama akasimama kupumua.

"Kesho uje na jembe lako," akasema. "Vibarua hatuna tena."

"Nitakuja, mama."

"Uje mapema. Safu za chini zina mawe."

"Mama, ile karatasi..."

"Kopo la sukari ni langu, Edina," akasema. "Unadhani nani hufungua kopo la sukari kama si mwenyewe?"

Yeye alikuwa anatazama shamba, anahesabu safu kwa macho kama anavyofanya kila mwaka.

"Uliiona?"

"Niliiona siku hiyo hiyo. Kusoma sijui, lakini muhuri naujua. Nikajua ni ya Tarsisi. Ningeweza kumpelekea padre anisomee. Nikasema aa, tulishakula, yamekwisha. Nikairudisha, nikaweka sukari juu yake."

Miaka mitatu tulilala tumeachana mita mia mbili tu, kila mtu na karatasi ile ile kifuani. Nilitaka kucheka na nililia, na mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akakaza kitenge chake, akaanza kupanda tena, na aliongea bila kugeuka, ndiyo maana ilinibidi niharakishe ili nimsikie.

"Mara ile waliuliza nani wa kwake, tukanyamaza sote wawili. Leo wameuliza tena. Ningekosaje kusimama?"